Mistari Minane ya Misonobari

Jumatatu, 5 Oktoba 1998

Barua imekuja. Imeletwa na Damiano, jirani yangu, ambaye hakutumwa na mtu kuileta. Aliichukua mwenyewe kwa Mzee Anicet, mwenyekiti wa Ushirika wetu wa Misonobari, eti kunipunguzia safari. Bahasha imefunguliwa na kubandikwa tena kwa ugali. Inanuka dagaa!

Barua inasema Alhamisi atafika mtaalamu kutoka Morogoro kupima misonobari ya Ushirika. Atapima unene, urefu na uzito. Uzito! Nimekuwa mtunza shamba hili miaka kumi na tisa, sijawahi kumwona mtu akibeba msonobari mgongoni kuupeleka mizanini. Anataka pia kujua miti iliyopo ni mingapi.

Hapo nikakaa chini.

Kwenye daftari la Ushirika kuna miti 4,800. Ndiyo tuliyopanda mwaka 1979. Kila Desemba naandika: "Miti 4,800, hali nzuri." Mwandiko safi kabisa. Wajumbe wanapiga makofi. Hakuna aliyewahi kuingia kuhesabu, na kwa nini aingie? Ukipita barabara ya Magamba unaona msitu. Ukizunguka upande wa mto unaona msitu. Mistari minane ya misonobari kila upande, mirefu, imebanana, inavuma upepo ukija. Mtu mwenye akili zake anaridhika.

Ndani ya hiyo mistari minane kuna mihogo.

Sikuiba. Naandika ukweli kwa sababu hili ni daftari langu na halisomwi na mtu. Sikuiba, nilisaidia watu. Huyu anaezeka, anaomba mti wa kenchi. Huyu amefiwa, jeneza halina mbao. Mwingine anaozesha binti, atalala kwenye nini? Nitakataaje? Walileta shukrani zao kidogo. Kuku, debe la karanga, shati moja la kijani. Mti mmoja leo, mitatu kesho, miaka kumi na tisa, jamani! Na pale mti unapotoka inabaki nafasi, na ardhi haipendi kukaa bure.

Damiano hakuondoka. Alisimama kwenye dirisha langu, akatanua kiganja, akalipima kwa shibiri. Nikamuuliza anafanya nini. Akasema mke wake anaulizia vipimo vya mapazia. Mapazia ya dirisha la nyumba YANGU! Nyumba ya mtunza shamba: vyumba vitatu, bati, sakafu ya saruji. Kazi ikitoka, nyumba inatoka. Damiano anaitamani tangu bati la kwanza lilipogongwa msumari.

Haipati. Thubutu!


Jumatano, 7 Oktoba

Nimepata akili. Nyuki!

Hakuna mtu Mpanda asiyewaheshimu nyuki. Nimeazima mizinga sita ya magogo, nimeitundika kwenye mstari wa nane, upande wa ndani. Mitupu yote, lakini mtu wa Morogoro atajuaje? Halafu nimeandika kwa mkaa kwenye ubao: HATARI. NYUKI WAKALI. WAMESHAUA. Ubao wenyewe ni wa msonobari, wa hapahapa.

Monika, mke wangu, alikuwa anaokota majani makavu ya kuwashia moto. Huyu mwanamke anazunguka kwenye ile miti kila siku ya Mungu. Akasoma ubao, akauliza wameshaua nani. Nikamwambia asiingilie kazi ya Ushirika. Akasema, Baba Prisila, mweleze mgeni ukweli yaishe, mficha uchi hazai. Nikamjibu kwamba tumeshazaa watano, kwa hiyo methali hiyo haituhusu.

Akajitwisha mzigo wake akaondoka. Sijui nimeishije miaka yote hii na mtu asiyeona mbali.


Alhamisi, 8 Oktoba

Wamefika saa nne kwa Landrova. Nilikuwa nimevaa shati la kijani. Akashuka mwanaume mnene mwenye miwani. Nikamkimbilia, nikamshika mkono kwa mikono miwili, nikamkaribisha kwa niaba ya Ushirika, nikatoa hotuba yangu yote. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema yeye ni dereva, na akauliza choo kiko wapi.

Mtaalamu ni msichana! Anaitwa Goreth. Suruali, buti, kalamu mbili mfukoni. Sidhani kama amefika thelathini. Akanipa shikamoo mzee. Mzee! Nina miaka arobaini na saba. Amekuja na msaidizi anaitwa Pacifique, amemchukua Katumba kwenye makazi ya wakimbizi. Mrefu, mkimya, anatabasamu bila kuonyesha meno. Nikajiuliza, wilaya nzima haina watu mpaka wakatafute kambini? Huyo kupima miti atakujulia wapi?

Goreth akatueleza, mimi na Mzee Anicet na Damiano (aliyejileta). Alisema mti unakula hewa. Kwenye moshi wa viwanda na magari ya dunia nzima kuna kaboni, na mti unaivuta, unaishika, unaigeuza mbao. Ukiukausha mti mpaka tone la mwisho, karibu nusu ya uzito wake ni kaboni. Ni ileile nyeusi unayoiona kwenye mkaa. Mwaka jana wakubwa wa mataifa walikutana Japani kuizungumzia. Sasa yeye anataka kujua shamba kama letu limeshika kiasi gani.

Nilifurahi ghafla. Yaani Wazungu wanatoa moshi, mimi Ponsian nautunza hapa! Miaka yote hiyo cheo changu kilikuwa kidogo kuliko kazi.

Halafu akasema ataanzia katikati. Miti ya pembeni inapata jua kwa wingi, inanenepa, inamdanganya mpimaji. Shamba linasema ukweli katikati, akasema.

Nikawatoa nyuki. Nilieleza kwa kirefu waliowaua: mbuzi wawili, bibi kizee mmoja na mhubiri aliyekuwa anapita. Dereva akarudi garini, akapandisha vioo. Goreth akasita, akatazama ubao wangu. Mambo yalikuwa yananyooka!

Ndipo huyu Pacifique akavua kofia, akasema kwa upole kwamba kwake Katumba ana mizinga arobaini, nyuki wamemzoea, mzee wangu usiwe na wasiwasi, ngoja niende nikawatazame. Akaenda! Hakubeba hata kijinga cha moto.

Alikaa nusu saa. Niliomba wamle. Wapi! Alirudi anatembea polepole, mkononi ana muhogo aliokwisha kuumenya. Akauvunja, nusu akampa Goreth, nusu akatafuna. Kisha akasema nyuki hakuwaona, ila muhogo ni mtamu kuliko wa kwao.

Damiano alicheka mpaka akajishikiza kwenye mti. Mti wangu!


Ijumaa, 9 Oktoba

Nimeamka na jibu. El Niño!

Nikamwambia Goreth: mama, zile mvua za El Niño usizisikie. Barabara zilikwenda, madaraja yalikwenda, na misonobari karibu elfu tatu iling'oka hapa siku moja, ilikuwa Jumanne. Nikamwonyesha kwa mikono upepo ulivyopinda. Mihogo niliipanda kwa uchungu, kuzuia udongo usiende mtoni. Nusura nilie kweli.

Alinisikiliza kwa heshima zote. Kisha akachuchumaa kwenye kisiki, akapitisha kiganja juu yake. Laini, sawasawa, kama ubao wa kukatia nyama. Akasema hii El Niño ilikuja na msumeno. Pacifique akaongeza kwamba msumeno wenyewe una pengo la meno mawili, alama yake iko kwenye kila kisiki, na kwamba ameuona msumeno wa namna hiyo umetundikwa jikoni kwangu.

Nani alimwingiza jikoni? Monika! Alimkaribisha uji.

Nikadhani yamekwisha. Kisiki ni kisiki, kina nini cha kusema? Kumbe kinasema kuliko mti! Ukipima unene wa kisiki unakadiria mti wenyewe ulikuwaje, urefu, uzito, kaboni yote. Ukitazama kilivyooza unakadiria ulikatwa lini. Wakapita kwenye mihogo, Pacifique anaita, Goreth anaandika. Sentimita ishirini na nane, miaka mitatu. Hicho ni kitanda cha Salvatori fundi. Thelathini na moja, miaka saba. Hiyo ni milango ya Bibi Tereza. Nilitembea nyuma yao nikisikia dhambi zangu zinasomwa kwa sentimita.

Saa sita Goreth akauliza tu, kwa kujaribu, nani anajua miti iliyosimama ni mingapi. Mimi nikasema elfu nne. Damiano akasema haifiki elfu. Monika alikuwa anapita na mzigo wa majani kichwani. Bila kusimama akasema elfu moja mia tisa na kumi na minne, na miwili kati ya hiyo ilipigwa na radi lakini bado inajaribu.

Goreth akamtazama. Kisha akaandika. Huyu dada anaandika kila kitu, nimeanza kuiogopa kalamu yake.


Jumamosi, 10 Oktoba

Nimepiga hesabu. Miti imebaki chini ya nusu. Sasa kila mti uliobaki ukiwa na uzito mara mbili na nusu, uzito wa shamba unarudi uleule! Uzito ukitimia, nani atauliza idadi? Wakati mwingine najiogopa mwenyewe.

Leo wameangusha miti mitatu ya mfano. Wanaikata, wanaitundika kwenye mizani: shina peke yake, matawi peke yake, majani peke yake. Majani alipewa Monika, hakudondosha hata moja. Mimi nilipewa kushika kamba. Halafu kwenye kila shina wakakata visahani vya mbao, unene wa vidole vinne, jumla kumi na viwili. Hivyo wanavipima hapa vikiwa vibichi, kisha Morogoro vinaingia kwenye tanuri, vinakaushwa, vinapimwa tena. Visahani hivyo ndivyo vitakavyousemea mti mzima. Wakavitia kwenye gunia, wakaenda kula kwanza.

Maji ni mazito. Kila aliyewahi kubeba ndoo anajua.

Nikalibeba gunia mpaka kwenye pipa nyuma ya nyumba, nikavitumbukiza. Vikaelea! Nikaweka mawe, vikachomoka pembeni. Nikaweka ubao, vikauinua ubao. Basi nikapanda mwenyewe ndani ya pipa, nikaukalia ule ubao. Maji yakanifika kifuani, shati la kijani na yote. Nilitulia. Nilisikia upande wa pili wanakula ugali wa Monika, wanausifia.

Goreth akaja kunawa mikono.

Nikamwambia naoga. Akasema pole na kuoga, mzee, na je, visahani vyake vinaoga pia?

Hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Alikaa juu ya kinu akanieleza kama mwalimu wa chekechea. Kisahani kikipimwa kibichi, kisha kikikaushwa kikabaki nusu, tunasema mti mzima nusu yake ni mbao kavu na nusu ni maji. Kaboni haiko kwenye maji, iko kwenye kile kikavu. Sasa ukikilowesha kwanza, kitaonekana kina maji mengi na mbao kidogo, na mti mzima utahesabiwa hivyohivyo. Kwa hiyo vile visahani vingetumika, shamba lingeonekana dogo zaidi.

Yaani nimekaa kwenye pipa saa nzima nikijiibia mwenyewe!

Wamekata visahani vingine. Safari hii Pacifique alilikalia gunia mpaka mizani ilipotundikwa.


Jumapili, 11 Oktoba

Nilikwenda kigangoni kwa huzuni. Nilikaa nyuma, nanuka pipa. Mahubiri sikuyasikia. Nilikuwa naiona nyumba yangu, mke wa Damiano anatundika mapazia, mimi na Monika na mabegi yetu njiani. Miaka kumi na tisa! Watoto wangu wote wamezaliwa chini ya bati lile. Nikainua macho kwa Mungu.

Nikaona kenchi. Kumi na nne, msonobari mtupu, za mwaka 1988. Zangu!

Miti haijapotea. Imehama tu!

Nikatoka kabla ya sadaka, mbio. Nilimkuta Goreth anafua soksi. Nikamuuliza: mbao iliyoko darini, kaboni yake iko wapi? Akasema ipo humohumo, mpaka mbao ioze au ichomwe. Nikamuuliza mara tatu. Humohumo. Nikauliza kama inaweza kuingia kwenye ripoti. Akaacha kufua. Akasema wataalamu wanabishana kuhusu hilo, lakini akipata orodha kamili, nani ana nini na tangu mwaka gani, yeye angeipokea kwa mikono miwili.

Kwa mikono miwili! Nilimweleza Monika kwamba kuanzia sasa mimi si mwizi, ni mhifadhi wa kaboni nje ya shamba. Akaniuliza kama nimefikiri vizuri. Nikamwambia nimefikiri kuliko siku zote. Akasema hilo ndilo linamtisha.


Jumatatu, 12 Oktoba

Siku kuu ya maisha yangu! Tangu asubuhi nimewazungusha Goreth na Pacifique kijiji kizima. Mimi ndiye mbele, maana mimi ndiye ninayejua.

Kwa Salvatori fundi: kitanda, 1995. Ilibidi mama mkwe wake aamshwe ili Pacifique apime chaga. Kwa Bibi Tereza: milango miwili. Kwa Manyanda, yule Msukuma mwenye ng'ombe: nguzo sitini za zizi. Manyanda alitaka kujua kama hii kaboni inaambukiza mifugo. Niliwapeleka mpaka makaburini. Nikasema majeneza nayo yaandikwe, yamezikwa, hayana safari nyingine. Goreth akasema hayo yameshaoza. Nikasema marehemu mmoja alikuwa mtu mgumu sana. Hakuandika.

Kwa Damiano nilipafurahia kuliko pote. Papi ishirini na nne za paa, kabati, na kitanda cha futi sita, 1993. Alisimama mlangoni ametanua mikono tusiingie. Nikamkumbusha kwa sauti kubwa, majirani wakiwepo, kwamba aliichukua miti yake Jumapili watu wakiwa misani, na aliomba mikubwa. Pacifique akaupima mlango yeye akiwa bado amesimama hapo, akamwomba asogeze kiwiko.

Tukamalizia ofisini kwa Mzee Anicet. Meza kubwa ya mikutano. Viti kumi na viwili. Kabati la mafaili, ambamo limo lile daftari la miti 4,800. Vyote msonobari! Mzee Anicet alikuwepo na wajumbe wawili. Niliipiga meza kofi, nikamwambia Goreth hii haipungui kilo themanini, na nusu yake ni kaboni, na yote imetunzwa na viongozi wetu wapendwa. Wajumbe wakainuka polepole kutoka kwenye viti vyao. Nadhani waliguswa.

Orodha imejaa kurasa nne. Majina, vitu, miaka. Chini yake Goreth akaniomba niweke sahihi kwamba yote nimeyasema mimi na ni kweli. Nikaweka ile sahihi yangu ndefu, yenye mkia.


Jumanne, 13 Oktoba

Goreth na Pacifique wameondoka asubuhi na orodha yangu. Na mimi siwaelewi watu wa kijiji hiki.

Nimemsalimia Salvatori, akatema mate. Saa tatu akaja kwangu na kitanda kichwani, akakibwaga uani, akasema hakijui, hajawahi kukiona. Saa nne Bibi Tereza kaleta milango. Nikamuuliza nyumba yake atafungaje. Akasema bora alale na fisi kuliko kulala kwenye orodha. Saa sita Manyanda akaja na mkokoteni wa ng'ombe na nguzo sitini. Ng'ombe wake wametapakaa kijijini, wanakula mboga za watu.

Saa nane Damiano akaleta kitanda na kabati. Papi hakuweza kuzing'oa, paa lingemwangukia. Akalipanga kabati vizuri kabisa, katikati ya uwanja wangu, akalifuta vumbi, kisha akaenda kuwaita wajumbe waje waone mbao za Ushirika ziko kwa nani.

Wajumbe wakaja. Walishangaa sana. Walizunguka wakitikisa vichwa. Aliyeshangaa kuliko wote ni Mzee Anicet, aliyefika pamoja na wanaume wanane waliobeba meza yake, viti vikiwa juu. Waliitua, yeye akasimama kando yake, akauliza: Ponsian, mwanangu, tamaa yote hii ya nini?

Za mwizi ni arobaini, akasema Damiano. Nikamwambia na yeye ahesabu zake. Lakini hakuna aliyecheka.


Alhamisi, 22 Oktoba

Kikao kilifanyika uani kwangu, kwa sababu meza na viti viko kwangu. Niliwaandalia maji ya kunywa.

Nimefukuzwa. Naandika tena: nimefukuzwa. Mzee Anicet alisema nimekosa uaminifu, akiwa amekalia kiti cha ushahidi. Nyumba niiache mwisho wa mwezi. Niliumia. Sikutegemea kuumia namna hii. Nilisimama hapo natazama kizingiti ambacho Prisila aliangukia akiwa anajifunza kutembea, nikashindwa kusema hata uongo.

Mke wa Damiano alikuwa amekuja na mapazia mkononi. Maua mekundu. Hakusubiri hata watu watawanyike.

Ndipo katibu akasimama, akasema kuna barua nyingine, kutoka kwa Goreth. Kwanza, shamba limechaguliwa. Watakuja kulipima kila mwaka, miti ileile, kuona inavyoongeza kaboni. Pili, wataleta miche 2,889 ya kujaza katikati, pamoja na ya kufidia ile mitatu waliyoiangusha wao. Tatu, kuna sharti moja. Shamba lishikwe na yule mtu mmoja tu aliyetaja idadi ya miti sawasawa na hesabu yao, bila kuzidisha hata mmoja, bila kupunguza hata ile ya radi. Na mwisho anawasalimu wote walioko kwenye orodha, ambayo anaitunza vizuri huko Morogoro.

Mzee Anicet alikohoa, akasema hata yeye siku zote alikuwa anamfikiria Monika.

Mtunza shamba ni Monika! Mke wangu! Nyumba ni ya Monika. Akasimama, akaenda kwa mke wa Damiano, akamshukuru kwa zawadi, akayachukua mapazia kutoka mikononi mwake. Ameshayatundika. Yanaenea kabisa. Damiano anajua kupima.

Nilimuuliza Monika kama na mimi nahama au nabaki. Alinitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyopenda. Akasema, Baba Prisila, vyumba viko vitatu, utabaki, ila msumeno hauingii hata kimoja. Akauchukua, akampa Pacifique aliyeileta barua, aende nao Katumba.


Jumatatu, 23 Novemba

Mvua zimeanza vizuri. Miche yote imepandwa. Mimi ni kibarua wa mke wangu, nilichimba mashimo mpaka mgongo ukalia. Juzi alinituma nikahesabu iliyoshika. Mvua ilikuwa inanyesha, nikakaa barazani nikaandika: "Miche 2,889, hali nzuri." Mwandiko safi. Monika akasoma, akachana ukurasa, akaenda mwenyewe na mwamvuli. Alirudi na 2,851.

Watu wameanza kunisalimia tena. Salvatori amekuja kinyonge, mama mkwe wake analala chini na kifua kinambana. Nikamwambia nitaona.

Nimetulia, nimefikiri sana juu ya makosa yangu. Mtu mzima lazima ajifunze. Na nimelipata kosa lenyewe: mizinga ilikuwa mitupu! Ningeweka nyuki wa kweli, Pacifique angerudi na midomo imevimba, asingeonja muhogo, na leo ningekuwa bado mtunza shamba.

Kwa hiyo nimemwagiza Pacifique. Nimemwambia nataka kuanza kufuga, kwa ajili ya asali. Keshokutwa ataleta makundi sita, wale wakali kabisa, atawaweka kwenye mstari wa nane kuzunguka pande zote. Alitabasamu bila kuonyesha meno.

Na katikati kabisa, baina ya miche, nimechomeka vipande vya mihogo. Vichache tu, kama mia tatu. Kwa nje huwezi kuviona. Sijajua bado mimi mwenyewe nitapita wapi kwenda kupalilia, lakini hilo ni jambo dogo.